Mate Mekundu

Wanangu na wajukuu zangu, ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Machi, joto la kaskazi bado halijaondoka, na kaka yangu yuko barazani anacheza bao. Alikuwa bingwa wa mtaa. Mkono wake ukizunguka mashimo ulikuwa kama wa mkulima anayepanda, kete moja moja, bila ya kutazama. Siku hiyo alichota kete saba, na zote saba zikaangukia shimo moja. Tukacheka, tukidhani anamfanyia mwenzake mzaha. Akachota tena kwa mkono ule ule wa kulia, vidole havikufumba. Alipotaka kusema, upande mmoja wa mdomo ukabaki chini, na maneno yakatoka yamelowa, hayana mifupa. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa bado kinafuka.

Kile kilikuwa kiharusi, na sisi wazee tuliokuwepo hatukukijua. Mmoja alisema ni upepo. Mwengine akasema amepitiwa na shetani. Tukamchukua nyumbani badala ya kumpeleka hospitali. Akaitwa mtu wa kumchua, likaandikwa kombe la zafarani, na alipolinywa lilimpalia, kwa sababu koo nalo lilikuwa limelala. Hospitali tulifika kesho yake baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema tungoje kwanza. Sasa nina miaka 74, na sina neno nililowahi kulisema linalonilemea kama hilo.

Aliishi miaka minne baada ya siku ile, upande wa kulia umepooza, ulimi mzito. Mkewe alimkogesha na kumlisha. Mimi nikachukua kazi ya kinywa, asubuhi baada ya sala ya alfajiri na usiku kabla ya kulala. Huko ndiko nilikoona nisichokiona kwa miaka yote niliyokaa na ndugu yangu. Fizi zake hazikuwa na rangi ya nyama iliyo hai. Zilikuwa kama ganda la zambarau, zimevimba, zinang'aa. Kwenye meno ya mbele ya chini, kwa upande wa ndani ambako ulimi unalala, ukoga ulikuwa umegeuka jiwe, ukingo mzima wa kijivu kama chokaa iliyokaukia kwenye ndoo. Nikigusa, damu. Nikibonyeza karibu na gego, usaha. Meno matatu yalicheza kwa kuguswa na mswaki tu.

Hapo nikakumbuka. Nikaliona tena boflo la asubuhi aliloluma akaliacha na duara jekundu. Nikatuona tukitia udhu pamoja, maji yake ya kusukutua yakiteremka mferejini na uzi wa damu ndani yake. Alikuwa akisema ana damu nyingi, na sote tuliridhika na jawabu hilo kwa kuwa hapakuwa na maumivu. Kwa miaka kama ishirini kinywa chake kilitupa habari kila kukicha, na hakuna aliyeisoma.

Sasa nanyi nisikilizeni vizuri, kwa sababu sitaki mtoke hapa na maneno ambayo sikuyasema. Sisemi kwamba fizi ndizo zilizompooza ndugu yangu. Alikuwa na presha, na vidonge vyake alivimeza siku alizoumwa na kichwa, akaviacha alipojisikia mzima. Alivuta sigara tangu ujana. Mimi nimekuwa mwashi wa nyumba za mawe kwa miaka 40, na mwashi mwenye adabu ya kazi hasemi kuwa ufa fulani ndio ulioangusha nyumba kama hajaufukua msingi. Lakini mwashi huyo huyo akiona ufa, hauachi.

Nyinyi mnaoishi Mji Mkongwe mnazijua boriti za dari zetu, ile miti ya mikoko iliyopangwa juu ya vichwa vyenu. Boriti haianzi kuoza katikati ya chumba, pale mnapoiona mkilala chali. Inaoza kichwani kwake, pale inapoingia ukutani, maji ya mvua yanapopita kwenye ufa wa chokaa na kukaa humo bila ya jua wala upepo. Kwa nje lipu ni nyeupe, nzuri. Nimewahi kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ukatoa sauti ya mtungi mtupu, na nilipobandua lipu nikaingiza vidole vitatu mahali ambapo mti ulikuwa. Juu ya mti ule palikuwa pamelala watoto wanne.

Jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 tulilitazama likipata nyufa kwa miaka mingi. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wake wa mbele ulianguka mchana, na watu wawili wakafa. Siku hiyo nilisimama Forodhani na vumbi likiwa bado hewani, na niliyekuwa nikimfikiria ni kaka yangu.

Jino linakaa kwenye ufizi kama boriti inavyokaa ukutani. Baina ya jino na nyama ya ufizi pana mfereji mwembamba sana. Chakula na mate huacha utando pale, ambao ndio ukoga, na ndani ya ukoga mna vijidudu visivyo na idadi. Ukisuguliwa kila siku, unaondoka. Ukiachwa siku chache, chumvi za mate zinaugandisha ukawa jiwe, na jiwe hilo haliondoki tena kwa mswaki wowote ule mpaka likwanguliwe na mwenye vyombo vyake. Nyama ya ufizi inaanza kuukimbia uchafu huo: inavimba, inatoka damu, inaachana na jino. Mfereji unakuwa mfuko. Mfuko unashuka mpaka kwenye mfupa, na mfupa nao unaliwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofika kwenye hatua nzito. Kwa mtu aliyezidiwa hivyo, ukizikusanya nyama zote zilizochubuka ndani ya mifuko ile unapata kidonda cha sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Chukueni sanduku la kiberiti mlitazame ubapa wake. Mngekuwa na kidonda kibichi cha kiasi hicho mguuni, chenye usaha, mama zenu wangewaburura hospitali siku hiyo hiyo. Kikiwa kinywani mnakipitishia chai na maandazi.

Kidonda hicho hakiko peke yake. Kila mnapotafuna, kila mnapopiga mswaki, vijidudu vinapata njia ya kuingia kwenye damu. Mwili unapambana navyo, na kupambana huko kunauweka mwili katika hali ya kuvimba ndani kwa ndani, miezi na miaka. Kuta za mishipa ya damu haziipendi hali hiyo. Zinakuwa ngumu, mafuta yananasa ndani yake na kufanya tabaka, na siku moja tabaka hilo linapasuka na damu inaganda hapo. Bonge likiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Mwanangu wa kike ni muuguzi, na ndiye aliyenisomea yaliyoandikwa na watafiti, jioni baada ya jioni, mimi nikimkatiza kwa masuala. Alinisomea kazi ya watu wa Tampere, Finland, iliyotoka mwaka 2019. Waliwachukua wagonjwa 75 wa kiharusi waliovutwa mabonge ya damu kutoka kwenye mishipa ya kichwa, wakayapima mabonge yale. Karibu 8 katika kila 10 yalikuwa na alama za vijidudu vya jamii ile inayoishi kinywani. Nilimwambia arudie. Kitu cha kinywani kimekutwa ndani ya bonge la kichwani!

Akanisomea na nyengine, ya Marekani ya mwaka 2018, ya watu zaidi ya 6,700 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Wenye ugonjwa wa fizi walipatwa na kiharusi cha mshipa kuziba zaidi kuliko wenye fizi nzima, na waliokuwa na desturi ya kwenda kwa daktari wa meno walipatwa kidogo zaidi kuliko wasiokwenda. Nikamuuliza mwanangu lile suala ambalo nanyi mngeliuliza: kwani anayekwenda kwa daktari wa meno kila mwaka si ndiye mwenye pesa, asiyevuta sigara, anayemeza dawa zake? Akasema ndiyo, baba, na watafiti wanajaribu kuyatoa hayo kwenye hesabu, lakini hawawezi kuyatoa yote. Ndiyo maana jumuiya ya madaktari wa moyo ya Marekani mwaka 2012 ilisema uhusiano upo, lakini haijathibitika kwamba fizi ndizo zinazosababisha, wala kwamba kuzitibu kunazuia kiharusi. Mimi nimelipokea neno hilo kwa heshima. Ni neno la fundi mkweli.

Iliyonikaa zaidi ni ya London, ya mwaka 2007. Watu 120 wenye fizi mbovu sana. Baadhi yao walisafishwa kwa kina, wengine wakapewa usafishaji wa kawaida. Watafiti hawakungoja kiharusi. Walipima namna mshipa wa mkono unavyotanuka damu inapohitajika. Siku moja baada ya kusafishwa kwa kina, mishipa ya watu wale ilikuwa na hali mbaya zaidi kuliko ya wenzao, kwa kuwa kidonda kilikuwa kimechokonolewa. Baada ya miezi miwili ilikuwa bora. Baada ya miezi sita, bora zaidi. Mtu ametibiwa kinywa, mshipa wa mkono ukapona kidogo. Kwangu mimi hiyo inatosha kunifanya nichukue mwiko na chokaa.

Na hapa petu si mahali pa kusema tungoje ushahidi ukamilike. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Dar walikuta karibu watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, idadi inayopita ya nchi nyingi tajiri. Hapa Unguja, katika mwaka mmoja ulioanza Oktoba 2019, hospitali zetu ziliandika wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 800. Na uchunguzi wa mwaka 2011 ulionesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu Zanzibar alikuwa na presha. Nyumba ambayo paa lake tayari linavuja haipewi na ufa wa ukuta.

Kinachoniuma zaidi, wanangu, ni jinsi tunavyokifunga kinywa kisiseme. Nimekaa nikafikiri kuhusu kaka yangu, na nikaona kwamba vitu vitatu tunavyovipenda ndivyo vilivyotuziba macho.

Cha kwanza ni karafuu. Nani katika kisiwa hiki hakuwekewa karafuu kwenye jino na bibi yake? Inasaidia, na siwezi kuisema vibaya karafuu mbele ya watu wa Unguja na Pemba. Hata madaktari wa meno wanatumia mafuta yake katika dawa zao. Lakini inachofanya ni kulilaza jino. Usaha uko pale pale, jiwe liko pale pale. Kaka yangu alikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu mfukoni mwa shati, na kila jino lilipomwamsha, alililaza tena. Mwisho jino lilichoka kumwamsha.

Cha pili ni tambuu. Najua vijana wengi mmeiacha, lakini naona inarudi harusini na vibarazani, na sasa wengine mnatafuna popoo na tumbaku za pakiti zilizokwisha tiwa sukari. Mtafuna tambuu anatema mate mekundu mchana kutwa. Basi damu ya ufizi ataijuaje? Imefichwa ndani ya rangi ya uraibu wake. Na popoo lenyewe si mchezo: limeshawekwa na wataalamu wa saratani duniani katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hata bila ya tumbaku.

Cha tatu ni sigara, na hii ndiyo iliyonishangaza. Sigara inaibana mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo ufizi wa mvutaji hutoka damu kidogo kuliko ufizi wa asiyevuta, hali umeoza zaidi. Mvutaji anatazama mate yake, anaona meupe, anajihesabu mzima. Na sigara hiyo hiyo inaumiza mishipa ya moyo na ya ubongo kwa njia zake nyengine. Ukitaka kujua ndugu yangu alikuwaje, alikuwa na vyote vitatu, na juu ya hivyo damu ilipenya tukaiona.

Nanyi mnaopiga mswaki mkaona damu, msifanye kosa wanalolifanya wengi la kuuweka mswaki chini, eti mpaka ufizi upoe. Ufizi hautoki damu kwa kuwa umesuguliwa. Unatoka damu kwa kuwa umeachwa. Sugueni polepole, kwa mswaki laini, pale pale jino linapokutana na nyama, asubuhi na usiku, na dawa ya meno yenye floraidi. Wa usiku usiupe mgongo hata ukirudi umechoka, kwa kuwa mate hupungua mtu akilala, na vijidudu hupata usiku mzima. Ikiwa baada ya wiki mbili za kusugua hivyo damu bado inatoka, hapo kuna jiwe chini yake, na jiwe ni la daktari.

Sisi watu wa pwani tulijifunza mswaki kwa dini kabla ya kujifunza kwa duka. Neno lenyewe limetujia pamoja na ibada. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliuhimiza mswaki karibu na kila sala, na mmepokea kuwa hata katika saa zake za mwisho duniani alipiga mswaki. Mswaki huo wa mti bado unauzwa nje ya misikiti yetu kila Ijumaa. Shirika la Afya Duniani limewahi kuuhimiza vilevile. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua kwa kufuata ukingo wa ufizi, usichome. Nyuzi zikichakaa zikate, utafune upya. Ila mti haufiki vizuri nyuma ya magego wala upande wa ndani wa meno ya chini, pale pale nilipolikuta jiwe la kaka yangu. Kwa hiyo mti kwa sala, na mswaki wa dukani kwa asubuhi na usiku. Mwezi wa Ramadhani ndio mnaoharibu mambo: futari ya tambi za sukari na kaimati, visheti baada ya tarawehe, juisi mpaka daku, kisha mtu analala na vyote hivyo mdomoni kwa kuogopa kuharibu funga kesho. Pigeni mswaki baada ya daku kabla ya adhana, na kabla ya kulala usiku. Hapana funga inayoharibika hapo.

Binti zangu mlio wajawazito, fizi zenu huvimba kwa wepesi zaidi katika miezi hiyo. Mwambieni mkunga mnapokwenda kliniki. Kusafishwa meno hakumdhuru mtoto. Na mwenye sukari, kijana au mzee, ajue kuwa sukari inaharibu fizi na fizi mbovu zinaifanya sukari iwe ngumu kushuka. Maradhi hayo mawili yanapokezana kama mabaharia kwenye makasia.

Najua kwa nini hamwendi kwa daktari wa meno. Mnamjua kwa koleo lake. Kizazi chetu ndicho kilichowafunza hivyo: tulikwenda jino likishakufa, likang'olewa, tukarudi na pamba mdomoni tukiwatisha watoto. Hatukuwahi kwenda na kinywa kizima. Mimi mara yangu ya kwanza kukwanguliwa ukoga nilikuwa na miaka 66, baada ya kaka yangu kupatwa. Nilikaa kwenye kiti nikishika mikono ya kiti kama mtu yuko kwenye jahazi la Pemba wakati wa kusi. Hapakuwa na koleo. Palikuwa na chombo chembamba chenye ncha iliyopinda, kikikwaruza, na maji. Nikasikia mlio ninaoujua maisha yangu yote, mlio wa chuma kinachobandua chokaa kavu kwenye jiwe. Yule daktari, kijana mdogo wa umri wa wajukuu zangu, akanionesha kipande kwenye kitambaa cheupe: cheusi, kigumu, kina mbavu. Kilikuwa kimekaa chini ya ufizi wangu kwa miaka nisiyojua mingapi. Nikatema nyekundu siku tatu. Siku ya kumi maji ya kusukutua yakawa maji.

Mnapokwenda, pimeni na presha siku hiyo hiyo. Hili nalisema kwa nguvu kuliko yote niliyoyasema, kwa sababu katika kiharusi hakuna mshitakiwa mkubwa kuliko presha, na presha haiumi. Fizi mbovu zinapiga kelele kidogo. Presha hainong'oni hata mara moja. Msidhani ni ya wazee. Kiharusi katika nchi zetu kinawachukua watu wangali na watoto wa skuli. Na ukipewa vidonge, ni vya kila siku, vya siku ya furaha na vya siku ya huzuni, mpaka daktari aseme vyenginevyo. Chumvi punguzeni, na hapo nawasemesha watu wa urojo, wa pweza wa Forodhani, wa achari. Kidogo tu.

Na ikiwa siku moja, Mungu apishe mbali, mko barazani au kwenye daladala ya Mwanakwerekwe, mkamwona mtu mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja hauinuki, au maneno yanamtoka ovyo ghafla, msimtafutie maji ya zafarani. Msimpe kitu cha kunywa kabisa. Tazameni saa, mjue ilianza saa ngapi, mumtie kwenye gari lolote lililo karibu, taksi, gari la samaki, mumpeleke Mnazi Mmoja au hospitali kubwa iliyo karibu nanyi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, inataka kutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na kabla yake kichwa lazima kipigwe picha ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Hata pasipo na dawa hiyo, kuna mengi ya kufanywa mapema ambayo kesho yake hayafanyiki tena. Dua ombeni. Ombeni njiani, gari linakwenda. Sisi tuliomba tukiwa tumekaa, na tulipoinuka jua la siku ya pili lilikuwa limekwisha pinduka.

Miaka ile minne mkononi mwangu, kinywa cha kaka yangu kilipona. Daktari alimkwangua kwa awamu, akamtoa yale meno matatu, na mimi nikaendelea na mswaki wangu laini, mara mbili kwa siku, yeye amekaa kitandani na taulo kifuani. Niliambiwa kuwa kwa mtu aliyepooza koo hiyo ndiyo kinga, kwa kuwa mate machafu yakiteremkia mapafuni yanamuua kwa nimonia. Fizi zikarudi rangi yake. Mkono haukurudi. Alikuwa akinitazama ninaposugua, macho yake kwenye macho yangu, na alipochoka aliuinua mkono wake wa kushoto akanigusa kifundo, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni mmoja akitaka mwenziwe anyamaze.

Kesho alfajiri, kabla hamjanywa chai, washeni taa, mteme kwenye kitu cheupe, mtazame. Mimi nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Aliyeona nyekundu na anakiogopa kile kiti anipitie, tutafuatana, nami nitakaa mlangoni nimshikie kofia yake mpaka atoke.